Vibao Vilivyomsubiri

Kama umewahi kucheza gemu ukatukana kwa sababu kibao ulichokirukia kiliondoka kabla hujatua, basi ulimtukana Fundi Vibao bila kumjua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka kumi na tisa: vile vibao vinavyokwenda na kurudi juu ya shimo. Yeye ndiye aliyepanga kila kimoja kiende kasi gani na kisubiri muda gani pembeni. Wenzake walichora mashujaa wakasifiwa. Yeye alitukanwa na watoto wa dunia nzima, na akafurahi kweli kweli.

Ofisini palikuwa na sharti moja, na aliyelileta ni yeye. Hatua yoyote ya gemu haitoki mpaka aliyeitengeneza aivuke mara tatu mfululizo bila kuanguka. Kama wewe mwenyewe huvuki, alisema, una haki gani ya kumtupa mwenzako shimoni?

Halafu vidole vikaanza. Kwanza ganzi, kisha kutetemeka, kisha ile hali mbaya zaidi: kidole kinaagizwa kubonyeza, kinatii kikiwa kimechelewa. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Fundi akatoka pale na kulaumu kibodi. Alibadilisha kibodi tatu, jamani, mtu mzima na akili zake! Na kila alipoanguka kwenye hatua yake mpya, alipunguza mwendo wa kibao kidogo tu, akavuka, akaipeleka. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona anarekebisha.

Aliyejua ni mkewe peke yake, kwa sababu ndiye aliyemfungia vifungo vya shati kila asubuhi.

"Waambie, baba watoto," mkewe alimsihi.

"Niwaambie nini? Kwamba fundi wa mashimo kaanguka?"

"Uwaambie unaumwa. Kuumwa si wizi."

Akanuna, akaenda kazini.

Lakini wachezaji hawana huruma. Waliandika kwamba vibao vya siku hizi vinasubiri utafikiri vinamsubiri bibi harusi. Ofisi nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma, isipokuwa mmoja. Bosi alimwita.

"Mzee, watu wanasema umechoka. Mimi sitaki maneno. Kesho asubuhi utavuka Mnara, mbele ya wote, mara tatu. Ukivuka, kiti ni chako. Ukishindwa, tuagane."

Mnara! Hatua aliyoijenga zamani, vidole vikiwa vyake, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Kibao cha nne pale kilisubiri muda wa kupepesa jicho mara moja, basi. Fundi alirudi kwenye meza yake. Kando yake alikaa binti wa kujaribu gemu, aliyefundishwa kazi na yeye tangu siku ya kwanza. Binti aliiangalia ile mikono, akainama kwenye kazi yake.

Asubuhi watu walijaa nyuma ya kiti chake. Binti ndiye aliyewasha mashine. Fundi akapiga moyo konde, akaanza. Akavuka. Akavuka tena. Mara ya tatu kidole kilichelewa kwenye kibao cha nne, alikiona kwa macho yake kikichelewa, akajua ameisha. Kibao kilikuwa bado pale. Kilimsubiri.

Wakashangilia. Mtu akampiga mgongoni. Bosi akanyoosha mkono, amejaa haya. "Mzee, nisamehe. Tulikukosea."

Fundi hakuupokea mkono ule. Alimtazama binti, na binti alikuwa anatazama sakafu. Roho ilimuuma Fundi. Angenyamaza, kiti kilikuwa chake. Na hatua ijayo? Na ile ya baada yake? Huyu mtoto wa watu angempunguzia mpaka lini, mpaka akamatwe? Na Mnara wake, kazi aliyoipenda kuliko zote, ubaki hivyo, unamhurumia kila apitaye?

"Mnara huu umepunguzwa mwendo," akasema.



"Na nani?" bosi akauliza.

"Mzee..." binti akaanza.

"Nyamaza, mwanangu. Ni mimi. Jana, mlipokwenda kula."

Bosi akarudisha mkono wake mfukoni. Wengine walisonya, wengine wakaangalia pembeni. Fundi akavuta kibodi, akafungua namba ya kibao cha nne ili airudishe ile ya zamani. Akakosea kuandika. Akafuta. Akakosea tena, mkono unatetemeka waziwazi mbele ya wote, na wote, isipokuwa binti, wakadhani ni aibu.

Hakuna aliyemsaidia. Mara ya tatu namba ikakubali, naye akainuka kutafuta koti lake.