Nilinyamaza Mshipa Ukiwa Umebanwa

Jamani, kosa ni langu, msinitafutie wakili. Nilinyamaza mahali ambapo mgonjwa haruhusiwi kunyamaza.

Mimi ni askari magereza mstaafu. Nina mke hapa Bugembe, Akello, wa ndoa ya kanisani. Nina na mwingine Busiu, Nambozo, niliyempata nilipohamishiwa Mbale kikazi. Hakuna aliyemjua mwenzake. Nilijiona fundi!

Kisha mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani ukaziba, mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi. Daktari akaeleza kwamba watapasua shingo, waubane mshipa, wausafishe, na mimi niwe macho muda wote.

"Mashine ya kupima damu ya kichwa ni wewe, afande," akasema. "Mimi nauliza, wewe unajibu. Ukinyamaza, mimi najua damu haifiki."

Wakanipa na bata wa mpira wa kuminya kwa mkono ule wa kulia, akilia wajue bado una nguvu. Mzee mzima na bata!

Mshipa ukabanwa. Nikaulizwa chakula ninachopenda, nikajibu malewa, yale machipukizi ya mianzi ya huko Mbale. Muuguzi mmoja akacheka ndani ya barakoa yake, akasema si ajabu, huyu ni shemeji yetu wa Busiu. Kumbe ananijua!

"Bibi yako jina lake nani?" daktari akauliza.

Lo! Akello alikuwa nje kwenye benchi, karibu na mlango. Nikisema Nambozo, atasikia. Nikisema Akello, Busiu nzima itajua kabla ya chakula cha jioni. Nikafunga mdomo. Hata bata nikamsahau.

Chumba kikachafuka. Wakadhani ubongo unakosa damu, wakaingiza mrija haraka wa kuipitisha, na mimi mjinga nimelala pale, aibu imenishika ulimi! Katika haraka hiyo neva ya sauti ikaumia. Sauti yangu iliyokuwa ikisimamisha gwaride leo haiwezi kuita kuku.

Daktari akatoka kumweleza Akello kwa upole kwamba mambo yaliharibika nilipoulizwa jina la mke. Akello akafikiri.

"Daktari, kumbe jina langu linaweza kuzuia damu?"

Yule muuguzi, akitaka kumtuliza, akauliza kama yeye ni dada yangu, maana mke wangu Nambozo ni jirani yake yeye muuguzi huko Busiu. Basi, kwisha habari yangu.

Sasa kila mmoja anasema nikauguzwe kwa mwenzake. Nasonga posho mwenyewe, na inaniuma, nisiwadanganye. Nawapenda wote wawili na wote nimewakosea. Nikienda kuomba msamaha sauti haitoki, na Akello ananiambia nilinyamaza nilipoulizwa, basi niendelee.

Wenzangu, ukiambiwa ongea pale kwenye meza ya upasuaji, ongea! Na kama jibu lako lina majina mawili, liseme nyumbani kwanza, sauti ungali nayo.