Nilimchora Ami akiniokoa, filamu ikamfanya aniache nizame

Wakuu, habari za saa hizi. Nina miezi minne nalitafuna hili jambo peke yangu na sasa limenishinda. Nitalieleza lilivyokuwa, na pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea.

Mimi ni mchoraji. Mchana napaka mabango ya maduka Malindi mjini na kuandika majina kwenye tuktuk, nikipata nafasi nachora katuni. Kwetu ni Ngomeni.

Kuna shujaa wangu anaitwa Bin Munyu. Munyu ndiyo chumvi, kwa wasiojua. Akishika kitu kinakauka pale pale, uwe mti, uwe ukuta, uwe mkono wa jambazi. Nilimrusha mtandaoni ukurasa mmoja mmoja, watu wakampenda, nikafanya kitabu.

Sasa Bin Munyu ni mimi mwenyewe.

Nikiwa na miaka sita nilitumbukia kwenye bwawa la munyu, mojawapo ya yale wanayokaushia maji ya bahari huku kwetu. Baba alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nacheza tu, hakuna aliyenisukuma. Tope likanivuta nikawa naita "Ami, Ami", maana Ami, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa karibu. Aliingia na nguo zake. Akanitafuta chini kwa macho wazi, kwenye maji mazito yale, mpaka akanipata.

Mimi nilipona. Macho yake hayakupona sawasawa, na miaka ikayamaliza. Leo anaona mwanga na kivuli, basi.

Kwenye kitabu nilichora hivyo hivyo. Mtoto anaanguka, Ami anaingia kumtoa, munyu unambadilisha mtoto. Sikumpa Ami jina lingine, kwa sababu sijawahi kumwita jina lingine.

Akaja dada mmoja kutoka Nairobi, director, akataka kufanya filamu fupi ya dakika ishirini. Nikasaini. Kuna mahali paliandikwa kwamba wanaweza kubadilisha wanavyoona inafaa. Nilipasoma, wallahi nilipasoma. Nilidhani watabadilisha nguo.

Wapenzi wa katuni mnaijua hii tabia. Kwenye kitabu jamaa kapata nguvu zake kwa ajali tu, ukienda kuangalia filamu unakuta ile ajali ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye adui wa mwisho. Tunabishana humu mpaka tunatukanana, halafu tunalala. Mimi pia nilikuwa nabishana hivyo. Sikujua inavyouma ikiwa mtu aliyebadilishwa unamwamkia kila asubuhi.

Director akataka filamu ionyeshwe kwanza Ngomeni, kwa heshima ya kijiji. Saa tisa alasiri, ukumbi wa shule. Asubuhi ile ile akaniita Malindi nikaione kwenye laptop.

Nikaona mtoto anacheza kandoni mwa bwawa. Nikaona mwanamume anatoka nyumbani na karatasi mkononi, hati ya shamba. Mtoto anateleza, anaita "Ami, Ami". Yule mwanamume anasimama ukingoni, anamtazama. Anaikunja hati, anaitia mfukoni, anaondoka zake. Hakuna anayesema neno hapo isipokuwa mtoto, ni picha na muziki tu, wala baadaye huyo mtu hatajwi tena.

Nikaisimamisha filamu.

Nikamwambia director, "Huyu ni Ami."

"Ndiyo, Ami ndiye villain wetu," akasema. "Watu hawampendi shujaa aliyeanguka tu. Lazima kuwe na mtu aliyemfanyia ubaya."

"Dada, Ami si jina. Ami ni baba mdogo. Ni mtu ambaye yuko hai na leo atakaa kiti cha mbele."

Kumbe muda wote ule alidhani Ami ni jina la mtu, kama Juma au Salim. Alisikitika kweli, simsingizii. Lakini filamu ilikuwa imeshakamilika, hapakuwa na muda wa kuibadilisha, na wageni wako njiani.

Niwaeleze kwa nini niliogopa. Baba alipofariki, shamba letu la minazi upande wa Magarini lilibaki mikononi mwa Ami, atutunzie mimi na dada zangu. Hajauza mnazi hata mmoja. Lakini watu wana midomo, na kwa miaka wamesema chini chini kwamba amekula mali ya mayatima. Sasa filamu yangu mwenyewe ilikuwa inakwenda kuwapa picha ya maneno yao.

Nilimpitia Ami saa nane. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nikamkuta kwenye kibaraza amevaa kanzu ya Idi, anamwambia kila anayepita, "Leo mwanangu ananionyesha kwa watu." Nikamwamkia, nikamshika mkono, twende. Sikumwambia.

Ukumbi ulijaa. Walifunika madirisha kwa leso kupunguza mwanga. Nikakaa kando yake.

Mtoto alipoita "Ami, Ami", nikahisi mkono wa Ami unanikaza. Akasema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya na watu walimsikia, "Naja, mwanangu, naja."

Kwenye skrini yule mwanamume alikuwa anaikunja hati. Watu wakaanza kugeuza vichwa kututazama. Nyuma yetu mtu mmoja akaguna.

Ami akaninamia. "Mbona kimya? Nishafika?"

Wakuu, nimeulizwa maswali mengi maishani. Hilo ndilo pekee ninalolisikia mpaka leo nikiwa nimeshika brashi.

Nikamwambia, "Ushafika, Ami."

Akacheka kidogo, akafuta macho. Filamu ikaendelea mpaka Bin Munyu akawa mtu mzima na kupiga majambazi, watu wakapiga makofi, na Ami akapiga kuliko wote. Halafu director akanipa kipaza sauti nisalimie.

Nikasimama pale mbele. Nikinyamaza, Ami atarudi nyumbani na furaha yake, na kuanzia kesho Ngomeni nzima itamwita mtu aliyemwacha yatima afe. Nikisema, jina lake litasafika, lakini atajua alichofanyiwa, na atajua kwamba nimemdanganya.

Nikasema. "Yule mliyemwona anaondoka, hakuondoka. Aliingia majini. Macho yake yaliharibika akinitafuta mimi, na shamba la baba liko vile vile alivyoliacha. Huyu hapa, kaeni mkijua."

Mzee mmoja akaja akampa Ami mkono, akafuata mwingine, wakapanga foleni. Hata yule aliyeguna alikuja. Director alilia na kuahidi kuipiga upya ile sehemu, na mpaka leo filamu haijaonyeshwa kwingine.

Ami alipokea mikono yote. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Tulipobaki wawili akaniuliza, "Kwani waliniweka naondoka?"

"Ndiyo, Ami."

"Na wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

Akasema, "Wale wa Nairobi hawanijui, mimi sina neno nao. Nimewasamehe. Lakini nilikuuliza wewe, mwanangu. Sikumwuliza mtu mwingine."

Nilimwomba radhi pale pale, na nimemwomba tena mara nyingi. Husema yamekwisha. Chakula tunakula sinia moja na dua ananiombea.

Nilichojifunza ni kwamba filamu ikikubadilishia hadithi, kuna kitabu cha kuonyesha ilivyokuwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyembadilishia hadithi mtu asiyeona, kwa neno moja, na hakuna kitabu cha hilo. Ningemwambia pale kibarazani angekasirika, angevua kanzu, labda tusingekwenda. Ingekuwa afadhali.

Waandishi na wachoraji mlioko humu, mlishawahi kuuza hadithi yenye mtu wa nyumbani kwenu ndani yake? Mlifanyaje? Na ninyi mlioishi na mtu asiyeona, niambieni kama imani yake kwako huwa inarudi. Hata wa kunisema aniseme, nitasoma yote.

Nauliza kwa sababu ujumbe ukiingia kwenye simu yake bado ananipa nimsomee, kama zamani. Namsomea, ananishukuru. Halafu humwita jirani, amsomee tena.