Nimempigia kelele Mangi wa mazabodi

Leo nimempigia kelele mwenye duka Kariakoo, mbele ya wateja wake, na wala hakuwa na kosa.

Nilienda kutafuta mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya kompyuta ya nyumbani. Ile ya zamani iliungua, fundi wa Ilala akaniambia niisahau, na vyote vilivyokuwemo kwenye diski pia.

Nikamwambia Mangi, mwenye duka, naomba na kadi ya picha. Nilishasikia bila kadi skrini haionyeshi kitu.

"Dada, kadi ya nini? Watoto si wanafanyia homuweki tu? Hii inatoa picha yenyewe."

Mnaijua Kariakoo, kitu kinajaribiwa palepale. Akaomba diski ya kujaribia, nikampa ile ile ya kompyuta iliyoungua. Imekaa kwenye mkoba miezi (mimi situpi vitu, mnisamehe).

Akawasha.

Giza. Halafu mwanga wa bluu, taratibu.

Halafu baba yangu.

Ndiyo picha tuliyokuwa tumeiweka kwenye skrini: amelala kwenye kochi letu, mdomo wazi, wanangu wawili wamemlalia tumboni. Feni inapeperusha pazia. Lile pazia nilishalisahau kabisa.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike.

Kelele za mtaa zikaenda mbali. Nikawa nipo sebuleni, namsikia anavyokoroma.

Mangi akadhani bado simwamini kuhusu kadi. "Basi dada, ngoja nizime, niwashe tena uone."

"USIZIME!"

Wateja wote wakageuka.

Akaiangalia skrini, akaniangalia mimi. Akanivutia kiti.

Semeni ukweli, nyie mngemwacha azime?