Mama Hali Chakula cha Mukwe

Kwetu, mwanamke hali chakula cha mukwe wake. Mutu aliyeoa binti yako unamuheshimu mpaka tumboni: huli mbele yake, hugusi sahani yake, naye hasogelei nyungu yako. Ni desturi nzuri sana kama kila mutu anaishi kwake. Lakini wale wazee walioiweka hawakuwaza siku ambayo mama mukwe atakimbia kijiji na kuja kulala na wajukuu wake, ukuta mumoja tu kati yake na huyo mukwe.

Mama yangu alitufikia Bunia kwa miguu kutoka upande wa Bule, na kitenge kimoja mwilini. Nyumba yake ilichomwa, na hakuwa na mutoto mwingine ila mimi. Wakati ule watu walisema vita imetulia. Imetulia, ndiyo, lakini kila mara tulisikia kijiji fulani kimeingiliwa, na kati ya waliorudi kuvuna mashamba yao, wengine hawakuonekana tena.

Siku ya kwanza nilipika bugali na maharagi. Mama akasema ameshiba. Ameshiba nini, vumbi ya njia? Siku iliyofuata, vilevile. Alikubali viazi vitamu tu, vile alivyoletewa na jirani yetu, mama mumoja wa kanisa, akavila nyuma ya nyumba amegeukia ukuta kama mutu aliyeiba. Mimi hasira yangu iko karibu, kila mutu wa nyumba anaijua.

"Mama, utakufa na heshima yako?"

"Bugali ile ni ya nani?"

"Ni ya nyumba."

"Na nyumba ni ya nani?"

Nyumba ni ya baba ya watoto wangu.

"Nitarudia kwetu," akasema. "Kule iko shamba yangu. Nitakula ya mikono yangu."

Niliogopa, nasema wazi. Asipokula atakufa hapa, akirudi watamuua kule. Siku hizo nilikoroga bugali huku nasali, na watoto wakaniuliza kwa nini naongea na sufuria.

Baba ya watoto ni fundi wa mbao. Hakumwambia mama neno, maana hawaongei hivyo uso kwa uso. Siku moja tu nilimuona anatoa mbao zake zote zilizojaa nyuma ya nyumba, anazipeleka kwa rafiki yake, mpaka pakabaki udongo mutupu. Akaniambia, "Mwambie mama yako, pale si pangu tena." Namshukuru mpaka leo, na siyo kila siku namwambia, kwa sababu atavimba kichwa.

Mama alipalima. Akapanda lengalenga tu, mbegu ya kuomba kwa yule jirani. Nikamwambia apande na kitu kingine. Akajibu kwamba mboga hii inaota mbio, nayo inamtosha, yeye ni mutu wa kupita.

Zilipokomaa, alizipika kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Hakutaka kitu cha jikoni kwangu, hata chumvi. Aliokota maganda ya ndizi kwa majirani, akayaanika, akayachoma, akaweka majivu ndani ya kopo lenye matundu na kumwaga maji juu. Yale maji ya rangi ya chai yanayodondoka chini, ndiyo chumvi yake. Karanga alizipata kwa kumsaidia jirani kubangua, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta. Nyungu ya udongo aliyopewa na jirani, mafiga matatu, moto mudogo. Mimi, mama wa watoto wanne, nililamba vidole mbele ya watoto wangu, na machozi yakanitoka nikasingizia moshi.

Nilifikiri tumepona. Kumbe ile mboga ndiyo iliyokuwa inampa miguu ya kuondoka. Mashavu yalirudi, mgongo ukanyooka, na siku moja akaniambia kwamba amepatana na wamama wengine waliokimbia naye: kesho asubuhi wanarudia Bule. Nilipiga kelele, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Akanisikiliza yote, kisha akaenda kuchuma lengalenga za kula njiani.

Alizipika, zikajaa nyungu, akaiacha ipoe juu ya mafiga, akaenda kuchota maji. Mvua ikaanza. Mimi, bila kufikiri, nikaingiza nyungu yake jikoni kwangu isiharibike, nikakimbia kuanua nguo. Baba ya watoto akarudi kazini amelowa, ana njaa, jikoni giza ya mvua. Akaona nyungu mahali ambapo mimi huwa namwekea chakula. Akaketi.

Mama aliingia na bido ya maji kichwani, akamkuta mukwe wake na nyungu katikati ya magoti, anakwangua chini. Yeye naye akamtazama mama, akatazama kile alichoshika. Akaiweka chini polepole, akatoka nje, akasimama kwenye mvua ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na nguo mikononi, nilitaka ardhi inimeze.

Mama alishusha bido. Akachungulia ndani ya nyungu.

"Alikula yote?"

"Yote, mama."

"Bila bugali?"

"Bila bugali."

Akaanza kucheka. Tangu afike kwetu sikuwa nimesikia kicheko chake, nikadhani anakohoa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi mukwe yangu alikuwa na njaa," akasema. "Mwambie aingie, atagonjwa." Kisha akaketi pale chini, akanigeuzia mgongo. "Na weye, nipe bugali yenu kidogo."

Nilimpa. Aliila amegeukia ukuta, lakini aliimaliza.

Asubuhi wale wamama walipita kumuita. Walimkuta ameinama nyuma ya nyumba, anachomeka vijiti vya muhogo, ule ambao hauvunwi kabla ya mwaka kuisha. Hakusimama hata kuwasalimia vizuri.

"Muende salama," akawaambia. "Mie niko na mukwe wa kulisha."