Ahadi ya Saunani

Aulikki Hyttinen alikuwa na kanuni moja tu, na hakuibandika ukutani: kinachosemwa saunani hakitoki saunani. Hakuitunga yeye. Alizaliwa akaikuta, kama walivyoikuta wenzake wote katika ule mji mdogo wa Ufini, ambako watu huvua nguo, hupanda mabenchi ya mbao, humwagia maji mawe ya moto, na ndani ya mvuke husema mambo ambayo wakiwa na suruali wasingethubutu kuyasema.

Kazi yake ilikuwa kutunza afya na ustawi wa wafanyakazi katika kiwanda cha madirisha. Ni kazi inayochezewa sana siku hizi. Wako wanaodhani kwamba ukimwekea mtu kikapu cha ndizi karibu na mashine, umemaliza wajibu wako kwake. Aulikki naye alipitia huko, tusimfiche. Aliweka ndizi; watu wakawapelekea farasi wao. Akaleta mazoezi ya kujinyoosha kwa muziki. Wanaume kwa wanawake wakasimama kimya kama nguzo za umeme, wakimtazama yeye peke yake akirusha mikono mpaka wimbo ukaisha.

"Umecheza vizuri," Tauno Pöntinen alimwambia, na wote wakarudi kazini.

Tauno alikuwa fundi wa msumeno na mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mwenye mabega kama kabati na maneno machache kuliko vidole vyake. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sifa.

Kilichofaulu ni sauna. Kulikuwa na ya zamani kando ya ziwa, imegeuzwa stoo ya mbao mbovu. Aulikki aliisafisha, akatangaza kwamba kila Alhamisi baada ya kazi itawashwa, wanawake wakitangulia, wanaume wakifuata, na soseji kwa wote. Wakati wa wanaume yeye alikaa chumba cha pili akichoma soseji, na kati yake na wao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Alisikia mengi. Hakurudia hata moja, wala kwa mumewe, ambaye alikuwa akimnunia kwa sababu hiyo.

Lakini jambo lililomkera zaidi hakuhitaji kulisikia ukutani. Zamu ya kwanza ilianza saa kumi na moja alfajiri, na miezi ya giza watu waliifikia wakiwa nusu usingizi, wakishika misumeno kwa vidole vilivyofungwa bendeji. Aliandaa mpango wa kuisogeza hadi saa moja asubuhi. Mkurugenzi, Jarkko Lindroos, aliukataa. Mwaka uliofuata aliupeleka tena, mkurugenzi akaukataa tena.

"Madirisha hayasubiri," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ila niambie, huko saunani wanasema nini juu yangu?"

"Sijui."

"Aulikki, unakaa pale pale ukutani!"

"Nakaa na soseji."

"Mimi ndiye ninayezilipia hizo soseji."

"Basi njoo uzile," Aulikki alimjibu, kwani alimzidi umri na hakumwogopa. "Mlango uko wazi, mwanangu. Ila cheo unakiacha nje pamoja na suruali."

Alhamisi iliyofuata Jarkko alikuja. Alivua vyote viwili, akaingia, akapanda benchi la juu kabisa karibu na mawe, penye joto kali kuliko kote, kama mtu anayechukua kiti chake mezani. Wanaume wakatazamana. Tauno naye akapanda, akaketi kando yake, akachota maji.

Sasa, kuna ujinga ambao sisi watu wa Ufini tunaunyonya pamoja na maziwa ya mama: mwanamume hatoki saunani kabla ya yule anayeshindana naye. Hakuna aliyetangaza mashindano; hayatangazwi. Wengine walitoka mmoja mmoja, wekundu kama kamba wa kuchemsha, wakaja kwenye soseji. Ndani walibaki wawili.

Mawe yakalia shwaa.

"Joto limekutosha, bosi?" sauti ya Tauno ilipenya ukutani.

"Joto gani? Mimi nilikuwa nangoja liwashwe."

Shwaa.

"Ungeshuka benchi la chini kidogo. Wazee wanakaa pale."

"Shuka wewe."

Shwaa, shwaa. Aulikki aligeuza soseji ambayo ilikuwa imeshaungua pande zote.

"Unajua, Jarkko," Tauno alisema taratibu, "humu nasikia raha kama niko kitandani. Kitandani ambako sipo saa kumi na moja alfajiri."

"Usianze, Tauno."

"Sianzi. Naongeza maji tu."

Shwaa!

"Sawa!" ikapasuka sauti nyembamba ambayo Aulikki hakuitambua mara moja. "Sawa! Kuanzia Januari zamu ianze saa moja! Nimesema! Sasa fungua huo mlango!"

"Nani kakufungia, bwana? Mlango unasukumwa tu."

Mkurugenzi alipita mbele ya Aulikki mbio, uchi kama alivyozaliwa, akajitupa kwenye theluji, akalala pale akitoa moshi kama sufuria ya uji. Aliporudi amejifunga taulo alikula soseji tatu, zile zilizoungua zikiwamo, akasema hajawahi kujisikia mzima namna ile.

Jumatatu ilikuwa siku ya kikao cha afya na usalama kazini. Tauno alisimama, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamshukuru mkurugenzi kwa kuisogeza zamu.

Jarkko alikunja uso. "Kuisogeza? Sikumbuki kusema hivyo."

"Hukumbuki?"

"Palikuwa na joto."

"Ulisema hapakuwa na joto!" Tauno aligeuka. "Haya, mama, wewe ulikuwa nyuma ya ukuta. Sema."

Wote wakamtazama. Aulikki aliujua mpango ule kuliko yeyote mle ndani. Alikuwa ameuandika kwa mkono wake. Neno moja tu lingetosha. Jarkko naye alilijua hilo, akaegemea kiti, akimngoja.

"Nilikuwa nachoma soseji," alisema.

"Soseji hazina masikio. Wewe unayo."

"Ninayo, Tauno. Na nimesikia yako mengi kupitia ukuta ule ule. Bosi alipokuja kuniuliza, nilimwambia nini, unadhani?"

Tauno aliketi.

"Nikiyatoa ya kwake leo, kesho nitayatoa ya kwako. Kinachosemwa mle sikitoi." Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Lakini kanuni inamfunga aliyesikia. Aliyeahidi haimfungi. Wewe unaweza kukumbuka wakati wowote, Jarkko. Hata sasa. Tunangoja."

Jarkko akawa mwekundu kuliko alivyokuwa benchi la juu. Alitazama dirisha, ambalo lilitengenezwa na zamu ya kwanza. Alisafisha koo. Baadaye akasema, "Tuendelee na ajenda ya pili," na ajenda ya pili ilikuwa viatu vya usalama.

Palikuwa na makosa mawili pale, na hayalingani. Mtu aliyelikana neno lake kwa sababu alilisema akiwa uchi ni mwongo aliyevaa tai. Tauno hakuwa mwongo; alikuwa amechoka, akataka kanuni imlinde yeye lakini isimlinde bosi.

Sauna huwashwa bado kila Alhamisi, na inajaa. Tauno huja na soseji zake mwenyewe, zimefungwa kwenye gazeti, huzichoma kwenye kona yake ya moto na kumpa Aulikki mgongo.

Zamu ya kwanza inaanza saa kumi na moja alfajiri mpaka leo. Kanuni ile ilimgharimu Aulikki Hyttinen jambo pekee alilolipigania kiwandani, na urafiki wa Tauno Pöntinen.