Mabaka, Farasi wa Klabu ya Fortunato

Wengi walirudi Juba kutoka uhamishoni Uganda na jembe, Biblia na watoto. Fortunato alirudi na farasi sita. Tajiri aliyemwajiri kwenye klabu yake Kampala alikuwa amefukuzwa nchini, na kwa haraka zake alimlipa mshahara kwa kitu ambacho hakikuingia sandukuni: meza ya duara yenye kioo juu, na chini ya kioo farasi wa bati, kila mmoja na njia yake. Unazungusha mpini, unauachia, farasi wanakimbia, na aliyemchagua farasi wa kwanza kufika anachukua sarafu za wenzake; asipokuwepo, zinabaki kwa mwenye meza. Fortunato aliipakia meza juu ya lori la chumvi, akafungua klabu katika mtaa wa Hai Jalaba, akajiita mkurugenzi.

Farasi watu wa pale hawakuwazoea, lakini ng'ombe waliwajua. Kampala, mchezaji aliyeangushwa na farasi mwekundu humgeukia wa kijani bila haya. Hai Jalaba mtu alichagua farasi mwenye rangi ya dume alilopewa na baba yake ujanani, dume ambalo wenzake humsifu kwa jina lake mpaka uzeeni, na akishachagua amechagua. Kumwacha eti kwa sababu ameshindwa kungekuwa kujikana mwenyewe. Fortunato, aliyekulia ugenini, aliona huo ni ujinga mtamu sana kwa biashara.

Mtamu kuliko wote alikuwa Mzee Lagu, mpakuaji mizigo wa bandarini. Dume lake, jeupe lenye mabaka meusi, lilibaki nyuma siku walipokimbia vita, na hakuliona tena. Siku ya kwanza alipoinama juu ya kioo akaona farasi wa rangi hiyohiyo, alimwita Mabaka, jina la dume lile, na machozi yakamlengalenga. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alikuja, akamwekea Mabaka sarafu, akamwimbia wimbo wa dume lake, na Mabaka akafika wa mwisho.

Kufika wa mwisho ndiyo iliyokuwa kazi ya Mabaka. Tajiri wa Kampala alikuwa amembandika tumboni kipande cha risasi, ile wanayofunga wavuvi kwenye nyavu, halafu akampaka rangi nzuri kuliko wenzake ili apendwe. Fortunato alijua. Alijiambia kila kazi ina desturi zake, akalala usingizi mzuri.

Usingizi ulimwisha alipompenda Teresina, fundi cherehani wa mtaa wa Atlabara, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa binti wa Lagu. Teresina mwenyewe alikubali upesi. Fortunato akamchukua mjomba wake wakaenda kuposa, wakakaribishwa chai, wakasikilizwa.

"Mimi hapana kataa wewe, ya mtoto," Lagu alisema kwa Kiswahili chake cha uhamishoni, kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. "Lakini ng'ombe yangu iko kwako, na kila Jumapili iko napata aibu mbele ya watu. Namna gani mimi napeleka binti mahali ng'ombe yangu iko nashindwa? Siku Mabaka nashinda, wewe nakuja, sisi nazungumza."

Mjomba alitoka akinung'unika kwamba mzee amechanganyikiwa. Fortunato alitoka akipiga mluzi. Waposaji wengine walizunguka nchi nzima kutafuta ng'ombe wa mahari. Yeye alitakiwa atafute bisibisi.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani, alifungua meza, akambandua Mabaka risasi, akaitia mfukoni. Kisha akavaa shati jeupe na kusubiri misa iishe.

Klabu ilijaa. Lagu aliweka sarafu yake, akaanza wimbo. Fortunato akazungusha mpini na kuuachia. Mabaka alichomoka kama aliyefunguliwa kamba, akawaacha wenzake, akakata mstari akiwa peke yake. Vigelegele vilitikisa mabati ya paa. Lagu alishika kioo kwa mikono miwili, akalia waziwazi, na Fortunato, aliyekwisha kuiona harusi yake, naye akalia kidogo.

Mzee akajifuta uso. Akamtazama farasi, akamtazama na mwenye farasi.

"Ng'ombe iko nakula majani, iko nanona," alisema polepole. "Hii ni bati. Hapana kula kitu. Leo imepata mguu. Siku zote mguu yake ilikuwa wapi?"

Vigelegele vikafa. Mkono wa Fortunato, bila kumwuliza ruhusa, ukaenda kugusa mfuko. Lagu akanyoosha kiganja. Risasi ikatoka mfukoni ikatua pale, mzee akaipima uzito, akampa Ezbon wa duka la sabuni, Ezbon akampa jirani yake, ikazunguka klabu nzima.

"Kalas, basi," alisema Lagu. "Mpe mimi ng'ombe yangu."

Fortunato alimfungua Mabaka kwa bisibisi ileile, aibu ikimchoma mpaka masikioni. Lagu alimfuta farasi kwa leso ya misa, akaondoka naye kifuani, akiimba.

Mabaka sasa anakaa dirishani Atlabara, juu ya cherehani, akitazama barabara. Fortunato hupita pale kila Jumapili na shati lake jeupe. Teresina huwa anashona. Akimwona, huacha kushona. Humgeuza Mabaka kidogo, aangalie ukutani, mpaka mtu yule apite.