Hotuba ya Zizini

Verna Dittmer alikuwa hajui kusoma. Aliyelijua jambo hilo alikuwa mtu mmoja tu, mumewe Roland, aliyekuwa askari ujanani, na Roland alizikwa kabla theluji ya mwaka jana haijaanguka. Maisha yao yote Roland ndiye aliyesoma bili, maelezo ya dawa za ng'ombe na orodha ya vyakula mkahawani, na Verna akisema tu, "Nami niletee kama yake." Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo na kuimba alichokariri. Akibanwa sana, alisema miwani ameisahau nyumbani. Watu wa Elder Creek walimwona msahaulifu, naye akaona afadhali hivyo.

Sasa hapa kwetu kuna desturi. Siku ya kuwakumbuka askari, mwishoni mwa mwezi wa tano, mjane wa askari aliyezikwa karibuni zaidi ndiye anayesimama makaburini kusoma hotuba ya jaji mmoja wa zamani, ileile kila mwaka. Hakuna anayekataa. Ukikataa ni kama umemkana marehemu mbele ya mji mzima. Kwa hiyo Darlene Voss, mwenyekiti wa kamati, alipokuja na sahani ya biskuti na ombi lake, Verna alijibu, "Bila shaka, Darlene," akamsindikiza mlangoni, kisha akaenda zizini kukamua ng'ombe waliokwisha kukamuliwa.

Kilichomwokoa ni simu. Binti yake Renae, muuguzi huko Madison, alikuwa amemwekea humo vitabu vya kusikiliza, vile vya bure ambavyo watu wa kujitolea husoma majumbani mwao: insha na hotuba za watu waliokufa zamani. Unaiambia simu unachotaka, inakutafutia. Verna alisikiliza kila alipokamua ng'ombe zizini. Alimsikia mmoja akiusifu uvivu, mwingine akiwatetea wafungwa mbele ya wafalme, na hasira zikamshika kujua kwamba utamu wote huo ulikuwa umejaa kwenye makaratasi na yeye alikuwa akiyawashia moto jikoni. Na hotuba ya jaji ilikuwemo. Aliyeisoma alikuwa Lyle Amundson wa Duluth, mzee mwenye mafua yasiyokwisha.

Ikawa ni Lyle asubuhi, Lyle jioni. Verna aliisema pamoja naye, kisha peke yake, ng'ombe wakimsikiliza bila kumkosoa. Usingizi ulimpaa. Akisahau neno moja, je? Upepo ukiipeperusha karatasi, naye akaendelea kusema kama kasuku?

Na juu ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine, ya jiwe la kaburi la Roland. Mchongaji alikuwa amemwekea mezani karatasi yenye mistari ya maneno, achague mmoja wa kuchongwa. Verna akasema miwani ameisahau. Mchongaji, mtu mwema, akamwazima yake. Hapo hakuwa na pa kutokea, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati.

"Huu?" mchongaji akamtazama. "Una hakika, Bi. Dittmer?"

"Roland angeupenda."

Jiwe likasimikwa. Majina aliyatambua, la Roland na lake, lililochongwa mapema kumngojea, kwa kuwa hayo alifundishwa kuyaandika. Mstari wa chini ulikuwa giza tupu. Jirani yao Norbert alipopita hapo alivua kofia, akasimama muda mrefu.

"Hebu niambie, Verna. Roland alianza lini mambo haya?"

"Ah, tangu zamani."

"Miaka yote hii tunapakana, na mwanamume hakuniambia." Akaondoka kama mtu aliyenuna.

Siku yenyewe ilifika na jua lake. Renae alikuja toka Madison, akasimama mbele kabisa. Darlene akampa Verna karatasi, akabaki pembeni yake na nakala yake mwenyewe.

"Tumekata ile sehemu ya farasi," akanong'ona. "Mwaka jana watu wawili walizimia kwa jua. Utaona nilivyopiga mstari."

Verna hakuona chochote. Lyle hakuwahi kuwaruka farasi, hata siku moja. Alianza kusema huku macho yakiwa kwenye karatasi, na akili yake yote ikiwa mbele, ikiwangoja wale farasi. Walipokaribia alifumba mdomo, akahesabu sentensi zao kimoyomoyo, akaibukia upande wa pili. Darlene akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Basi Verna akalegea. Hilo ndilo lililomponza. Alimaliza hotuba kwa sauti nzuri kabisa, na ulimi, kwa kuwa ulikuwa umezoea njia, haukusimama.

"Mwisho wa hotuba," akasema. "Imesomwa kwa kujitolea na Lyle Amundson, Duluth, Minnesota. Rekodi hii ni mali ya umma."

Darlene akaigeuza karatasi yake, akaitafuta sentensi hiyo mbele na nyuma. Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Kisha tarumbeta ikapigwa, kwa kuwa mpiga tarumbeta hakujua jingine la kufanya.

Watu walipoelekea kwenye meza za soseji, Renae alimfuata mama yake mpaka kwenye kaburi la Roland. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Ulikuwa huisomi ile karatasi, Mama."

"Miwani yangu—"

"Unayo usoni."

Verna akaishika. Kweli alikuwa ameivaa.

"Nikiwa mdogo," Renae akasema, "ukinisomea hadithi usiku nilikuwa nakwambia unaruka kurasa, na wewe unazima taa. Baba akisoma, taa inawaka. Ikifika zamu yako, giza. Nimekua nikiamini kwamba ulikuwa umenichoka."

"Sijawahi kukuchoka." Verna akaivua miwani. "Sijui kusoma, Renae. Sijawahi kujua."

Renae alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na alimshika mama yake mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Verna akaona kwamba, kwa kuwa limeshatoka, na litoke lote.

"Nisomee hapo chini. Niliweka kidole tu. Tangu siku hiyo sina raha, sijui nimemwandikia nini baba yako."

Renae akalitazama jiwe, akamtazama mama yake.

"Nilidhani ni utani wenu wawili. Sote tulidhani hivyo." Akapangusa pua. "Imeandikwa: Ameenda kuvua samaki."

Roland, ambaye hakuwahi kushika ndoana, na ziwa alilitazama akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Verna akaketi kwenye nyasi na gauni lake la heshima, akacheka, kisha akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi.

"Tutalibadilisha, Mama."

"Liache." Akaushika mkono wa binti yake na kuuweka juu ya herufi. "Anza tena toka juu. Polepole, na usiruke kitu."